Vigong'ota wa Kanali Varnadoe

Ni furaha na fahari yangu kuutangazia umma kwamba, baada ya miaka ya juhudi, mashauriano, warsha na keki, Kambi ya Mizinga ya Braxley haina tena jirani hata mmoja mwenye malalamiko.

Nasema haya kwa mamlaka niliyopewa, mimi Delbert Crumpler, Naibu Mratibu wa Ofisi ya Ujirani Patanifu na Uhifadhi wa Ardhi Binafsi Pembezoni mwa Kambi. Mratibu mwenyewe hayupo. Nafasi yake haijawahi kujazwa, kwa hiyo mimi ni naibu wa kiti, na tunaelewana vizuri.

Kwa wasioijua kazi yetu, nitaeleza kwa lugha ya mtaani. Mzinga unapiga kelele. Mtu akijenga nyumba karibu na mzinga, anasikia. Akisikia, anampigia simu mbunge, mbunge anampigia jenerali, na jenerali anakosa usingizi. Dawa yake si kunyamazisha mzinga. Dawa ni kuhakikisha hapajengwi nyumba. Kwa hiyo serikali humlipa mwenye ardhi kifuta jasho, ardhi ikabaki yake, misonobari ikabaki yake, kodi ikabaki yake, ila haki ya kujenga ikaenda zake na haitarudi. Na kwa kuwa ndani ya misonobari hiyo anaishi kigong'ota, ndege adimu asiyezidi ngumi ya mtoto, tunasema tunamhifadhi ndege. Hatusemi uongo. Ndege akipata makazi mazuri nje ya uzio, askari walio ndani ya uzio wanaweza kuchimba mahandaki bila kumwomba ruhusa kiumbe mwenye mbawa. Isitoshe, ndege hajawahi kumpigia mbunge simu.

Mwasisi wa mfumo huu katika wilaya yetu ni Kanali Preston Varnadoe, mkuu wa kambi wa wakati huo, mtu mwenye kidevu cha kuchongwa na imani kwamba kila tatizo duniani linatokana na ukosefu wa bango. Ubunifu wake uliotukuka zaidi ni Simu ya Ujirani Mwema. Namba yake ni ya bure, nasi tuliichapisha kwenye kofia, kalamu na sumaku za friji, tukagawa hadi kanisani. Simu yenyewe iko kambini, kwenye stoo ya mafagio na mapambo ya Krismasi, na mlango wake hufungwa kwa kufuli.

"Crumpler," Kanali aliniambia siku ya uzinduzi, huku akinikabidhi ufunguo, "mtu mwenye hasira hataki jibu. Anataka kupiga simu. Akipiga, roho inapoa yenyewe."

"Na akitaka kujibiwa, mkuu?"

"Huyo si jirani mwema."

Matokeo yalikuwa ya kupigiwa mfano. Mwaka mzima hatukupokea lalamiko hata moja.

Jirani wetu wa kwanza kusaini alikuwa Bi Ozella McPhaul, mjane wa upande wa mashariki, mwenye msitu wa misonobari aliouacha babu yake na biashara ya majani yake makavu. Huyakusanya kwa reki, akayafunga marobota, na watu wa mjini huyanunua kutandaza kwenye bustani zao. Siku tuliyokwenda kwake mizinga ilikuwa kazini. Sahani zote za ukutani alikuwa amezishusha na kuzifunga kwenye taulo, kama alivyozoea.

"Hiyo ni sauti ya uhuru, mama," Kanali alimwambia kwa upole, mkono kifuani.

"Ahaa. Basi uhuru umenivunjia bakuli la mama mkwe."

"Pole sana."

"Usinipe pole, mwanangu. Lilikuwa baya. Nakuarifu tu."

Alikubali kusaini kwa sharti moja: abakiziwe sehemu ya nyumba moja tu, karibu na barabara, kwa ajili ya mjukuu wake Renita. Renita ni dereva wa basi la shule. Wakati huo alikuwa akiishi na watoto wake wawili kwenye trela ya kukodi nyuma ya duka la matairi, na bibi yake alikuwa hana wimbo mwingine ila huo wa kumwona mjukuu amejenga kwenye ardhi ya ukoo kabla yeye hajafumba macho. Tukakubali. Tukala keki.

Miezi michache baadaye Kanali alisikia kwamba kuna nishani ya uhifadhi inayotolewa mji mkuu. Hapo ndipo likazaliwa Agizo la Duara. Katika ukanda wote wa ujirani, kila msonobari wenye tundu lenye vigong'ota utavishwa mkanda wa rangi nyeupe, na kuuzunguka patakuwa na duara la futi mia mbili ambamo ni marufuku kujenga, kuchimba wala kuegesha. Agizo lilisema linamhusu kila mwenye ardhi "bila kujali cheo, ukoo wala ukubwa wa nyumba." Maneno hayo Kanali aliyaongeza kwa kalamu yake mwenyewe, mbele ya wapiga picha, na wapiga picha wakamwomba ayaongeze tena kwa sababu mwanga haukuwa mzuri.

Nilipeleka kopo la rangi kwa Bi Ozella kesho yake. Msonobari wenye ndege ulikuwa umesimama pale pale, karibu na barabara. Renita alinikuta nimeshafika nusu ya mkanda.

"Bwana Crumpler, unapaka nini jikoni kwangu?"

"Hapa si jikoni, dada. Hapa ni makazi ya kigong'ota."

"Nimeshapima kwa kamba. Hapo uliposimama ni sinki."

"Agizo limetoka."

"Agizo! Wanangu wanalala kitanda kimoja, mmoja kichwani mmoja miguuni. Huyo ndege wako ana watoto wangapi?"

"Watatu, kwa mujibu wa taarifa."

"Na vyumba?"

Nilitazama juu. Sipendi kudanganya raia. "Matundu manne."

Renita aliutazama ule mti, akanitazama mimi, akaingia kwenye basi lake na kuondoka bila kuaga. Nakiri nilimwonea huruma. Lakini huruma haina fungu katika bajeti yetu, nami nikamalizia nusu iliyobaki.

Sasa nieleze jambo la moto, maana hapo ndipo wasiotutakia mema wamepotosha ukweli.

Kila Februari, Bi Ozella na waumini wenzake wa kanisa la Bethel Spring walikuwa na desturi ya kuchoma msitu. Watu wa huku wamefanya hivyo tangu enzi za mababu. Huja na reki na magunia mabichi, hupanga mstari, huwasha moto mdogo wa chini unaotembea taratibu ukila majani makavu na miche ya mialoni, na misonobari yenyewe, kwa gamba lake nene, haijali. Mchana husimama na kula samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, nyuso zote nyeusi kwa masizi, wazee wakibishana nani alichoma vibaya mwaka uliopita. Mimi mwenyewe nimewahi kula samaki hao, katika nafasi isiyo rasmi.

Februari ile upepo uligeuka. Moshi ulivuka uzio na kuingia uwanja wa gwaride, siku ambayo jenerali kutoka makao makuu alikuwa akikagua vikosi. Jenerali alipiga chafya katikati ya saluti. Kanali alisimama wima akimtazama, na kidevu chake kilitetemeka.

Jioni nilikuwa mlangoni kwa Bi Ozella na agizo jipya. Moto ni taaluma. Raia hawaruhusiwi kuchoma ndani ya ukanda wa ujirani. Uhifadhi maana yake ni kutogusa.

Nilitegemea ugomvi. Bi Ozella aliupangusa mkono wake wenye masizi, kisha akauliza, "Nisiguse kabisa?"

"Usiguse kabisa."

"Hata kijiti?"

"Hata kijiti, Bi Ozella."

"Vichaka vikiota?"

"Viache viote. Ni asili."

"Renita!" aliita. "Njoo usikie neno la serikali. Hebu rudia, Bwana Crumpler, mjukuu wangu naye asikie."

Nikarudia, kwa sauti ya kikazi. Renita alikuwa amenuna. Bibi yake alikuwa ameweka kiganja mdomoni, na mabega yalikuwa yakimtikisika. Nilidhani ni kikohozi cha moshi.

"Bibi," Renita alisema, "tusipochoma, msitu utaharibika. Na hayo majani utayakusanyaje?"

"Nyamaza, mjukuu wangu. Tumeambiwa tutii, tunatii."

Alitii kweli, sijapata kuona. Mwaka wa kwanza mialoni ilifika magotini, wa pili ikafika kifuani. Reki haikuweza tena kupita, na wateja wa mjini wakahamia kwa muuzaji mwingine. Nilipopita kukagua nilimkuta barazani akiwa na glasi ya chai baridi, anautazama msitu unavyofunga.

"Unaendeleaje, Bi Ozella?"

"Ninahifadhi."

"Biashara?"

"Imekufa, baba. Nimerudi kushona mashuka ya viraka, na macho hayataki. Lakini uhifadhi unaendelea vizuri."

Katika kipindi hichohicho mke wa Kanali alinunua, kwa bahati tu, kiwanja ng'ambo ya bwawa, mkabala na msitu wa Bi Ozella. Kilikuwa ndani ya ukanda, lakini nacho kilikuwa kimebakiziwa sehemu ya nyumba moja. Kanali alikuwa anakaribia kustaafu. Alinionyesha ramani: vyumba vitano, na baraza pana inayotazama maji. Tatizo lilikuwa vichaka. Ukisimama pale ambapo baraza ingekuwa, bwawa hulioni.

Wakati huohuo kikosi cha zimamoto cha kambi kilihitaji mazoezi. Mke wa Kanali, kwa moyo wa uzalendo, aliwaazima kiwanja chake. Hivyo ndivyo lilivyoanza Zoezi la Mwanga Mwema. Wanajeshi walikuja na magari mekundu, wakachoma vichaka vyote kwa ustadi, wakaiacha misonobari mikubwa isimame kwa ajili ya mandhari. Februari iliyofuata wakarudia, maana mwanajeshi hafuzu kwa zoezi moja. Na iliyofuata tena. Majani mazuri ya chini yakaota, na maua ya njano. Mtu angeweza kutembea mle ndani na viatu vya harusi.

"Mkuu," niliwahi kumwuliza, "Bi Ozella naye si angeruhusiwa kuchoma kidogo?"

"Yule ni raia, Crumpler."

"Na kiwanja cha mama je?"

"Nacho ni cha raia. Ila ni raia anayejuana na mkuu wa kambi."

Maelezo hayo yaliniridhisha na bado yananiridhisha.

Aprili ya mwaka wa tatu mtaalamu wetu wa ndege, Dokta Hathcock, mwanamke mwembamba anayeongea kwa kunong'ona hata akiwa ofisini, alikuja mezani kwangu na darubini shingoni.

"Wamehama," alinong'ona.

"Nani?"

"Vigong'ota wa McPhaul. Wote. Matundu matupu, moja limeingiwa na kindi."

"Haiwezekani. Msitu ule haujaguswa na mtu!"

"Ndiyo sababu. Huyu ndege hapendi vichaka mlangoni, vinapandisha nyoka na makindi. Ana mambo ya mama mkwe, Bwana Crumpler. Akikuta uwanja haujafagiwa, haingii."

"Sasa wamekwenda wapi?"

Alinipeleka mpaka kwenye bwawa, akanipa darubini, akanielekeza ng'ambo. Kwenye misonobari mikubwa ya Kanali, katika matundu ya zamani yaliyoachwa na ndege wa enzi nyingine, familia mbili za vigong'ota zilikuwa zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka, kama watu wanaohamisha vyombo.

Kanali alikabidhi kambi siku ya Ijumaa, kwa bendi na hotuba, nishani ya uhifadhi ikining'inia kifuani. Jumatatu asubuhi matrekta ya kuchimba msingi yalikuwa yameshafika kiwanjani. Nilifika kabla hayajawashwa, na kopo langu la rangi.

"Crumpler! Umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukupongeza, Kanali. Umepata wageni."

Nilianza na mti wa kwanza. Alinitazama nikipaka kama mtu anayeona nyumba yake ikiporomoka, ingawa nyumba yenyewe ilikuwa bado haijajengwa. Nilipofika mti wa nne alinishika kiwiko.

"Sikiliza, rafiki yangu. Weka duara dogo."

"Agizo halina duara dogo, Kanali. Futi mia mbili."

"Kwa mtu wa kawaida, ndiyo!"

"Bila kujali cheo, ukoo wala ukubwa wa nyumba."

"Mpumbavu gani aliandika hivyo?"

Nilimkumbusha kwa heshima kwamba kuna picha.

Alijaribu kwa mrithi wake, Kanali Ibarra, mwanamke mpole anayesoma kila kitu kabla ya kusaini. Huyo alilisoma Agizo la Duara lote, akasema ni zuri mno, na kwamba angependa picha ile itundikwe ofisini kwake. Maduara manne yalipopandana kwenye ramani, kilichosalia cha kiwanja ni kipande kando ya barabara, kinachotosha karavani moja na kiti cha kukunja. Mke wa Varnadoe alikiona, akaenda kuishi kwa dada yake mjini Savannah. Kanali alibaki. Alisema yeye haachi uwanja wa mapambano.

Kwa Bi Ozella, Dokta Hathcock alikagua msimu mzima, akathibitisha kwamba msonobari wa jikoni ni mtupu, nami nikaufuta mkanda kwa brashi ya chuma. Ni kazi ngumu kuliko kupaka. Renita alisimama karibu yangu muda wote, mikono kiunoni, akihakikisha sibakizi hata alama. Nilipomaliza alikaa chini kwenye majani, akalia, na sikujua niweke wapi macho. Waumini wa Bethel Spring walijenga nyumba ile kwa mikono yao, Jumamosi baada ya Jumamosi, na kila mtoto akapata chumba chake na mlango wa kuubamiza.

Kanali alikuja siku ya kupaua. Alikuwa amevaa kaptura. Sikuwahi kujua kwamba ana magoti.

"Bi Ozella, nimekuja kama jirani. Choma msitu wako, nakuomba. Ukiwa safi tena, ndege watarudi kwako."

"Mimi? Nichome?" Bi Ozella alishika kifua. "Moto ni taaluma, mwanangu."

"Nitakupa ruhusa!"

"Ruhusa ya nani? Si umestaafu?"

Fundi mmoja juu ya paa aliangusha nyundo kwa kucheka.

Sasa nifikie mafanikio makuu niliyoyatangaza mwanzoni. Kanali Ibarra aliitandaza ramani mezani, akaona kwamba eneo la bwawa lina duara juu ya duara, hapajengwi, hapachimbwi, hivyo hapana watu. Dokta Hathcock alimnong'oneza kwamba vigong'ota hawajali mizinga hata kidogo. Basi kwa nini mizinga ibaki karibu na nyumba za maofisa? Ikahamishiwa upande wa bwawa. Kwa mtazamo wa upangaji patanifu, sijaona uamuzi safi zaidi.

Jumamosi ya kwanza ya mizinga mipya nilikuwa barazani kwa Renita, nikimletea kofia na sumaku ya friji kama mkazi mpya wa ukanda. Vyombo vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye taulo. Bi Ozella alikuwa amekaa kwenye kiti cha bembea akikata pai ya pichi. Kanali alitokea barabarani akipepesuka, kikombe mkononi, kahawa yote ikiwa kwenye shati.

"Mmesikia? Mmesikia hiyo? Karavani imeruka!"

Mzinga ukalia tena. Dirisha la Renita likajibu.

"Hiyo ni sauti ya uhuru, mwanangu," Bi Ozella akamwambia kwa upole, mkono kifuani. "Karibu pai."

"Sitaki pai! Nataka kulalamika! Simu yangu haishiki mtandao kule chini. Renita, nisaidie simu."

"Chukua. Namba iko kwenye friji," Renita alisema. "Au nikutajie, naijua kwa moyo."

Akamtajia. Kanali akabonyeza kwa kidole cha hasira, akaweka sauti ya juu ili sote tuwe mashahidi. Simu ikaita. Ikaita, ikaita. Watoto wa Renita walitoka vyumbani mwao kusikiliza.

"Hawa watu hawapokei!" Kanali alipaza sauti. "Nani anasimamia hii sim..."

Hakumaliza. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayetafuta miwani nyumba nzima akagundua kwamba ameikalia. Alinigeukia mimi. Nilikuwa na pai mdomoni, na kwenye mfuko wa shati, ufunguo.

"Subiri tu," Bi Ozella alimwambia, akimsogezea kiti. "Mimi nilianza kupiga wakati huyu mtoto mkubwa wa Renita hajaota meno. Usikate. Ukishapiga sana, roho inapoa."

Kanali akakaa. Simu ikawa inaita mapajani mwake, na mizinga nayo ikilia ng'ambo, na vigong'ota wakiendelea na shughuli zao.

Mwezi huo pia, kama taarifa yangu inavyoonyesha, Kambi ya Braxley haikupokea lalamiko hata moja.